Taa Iliyotazama Chini

Juzi asubuhi nilitumbukia mtaroni na mwanangu mgongoni. Watu wananiuliza gari lilinigusa wapi. Halikunigusa popote. Kilichonitupa mtaroni ni mwanga. Nilikuwa nampeleka mtoto zahanati, hapa hapa Omurushaka, ukungu umeshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, mara likatokea lori limewasha kila kilichowahi kuitwa taa: zile mbili kubwa za mbele, na juu ya bampa nyingine mbili za mbio, nyeupe pe, zinanitazama usoni. Sikuiona barabara wala lori lenyewe. Niliona ukuta mweupe unakuja huku unanguruma. Nikajirusha pembeni, magoti kwanza ili nisimlalie mtoto, na nyasi zikanipokea na maji yake.

Dereva akasimama mbele kidogo, akatoa kichwa. Kijana, kofia imekaa upande.

"Mama, huoni gari?"

"Nitalionaje, na wewe umenipofusha?"

Akacheka. Wallahi, alicheka. "Taa zote hizi nimewasha, na bado hukuniona?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, maana mama yangu bado anasomewa barua zangu. Akaondoka. Nikabaki mtaroni namkagua mtoto kichwa, mbavu, miguu, mzima kabisa, analia kwa hasira kama mimi. Na pale chini, puani mwangu, ikanijia harufu ya nyasi mbichi zilizopondwa, imechanganyika na petroli na bati la moto lililopatwa na umande. Harufu ile sikuwa nimeinusa tangu nikiwa mtoto wa meno kung'oka. Hasira ikasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma.

Nyumbani kwetu ni Mabira. Mliokulia huko mnaujua ukungu wetu, sina haja ya kuwaeleza. Unalala bondeni kama maziwa kwenye chungu, na juu ya vilima jua limeshawaka zamani. Mimi niliamini ni pumzi za ng'ombe. Niliwaona alfajiri zizini kwa Babu, kila mmoja anatoa moshi wake puani, nikajumlisha mwenyewe: ng'ombe wote wa bonde zima wakipumua pamoja, ndio huo. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu sikumwuliza mtu. Jambo ambalo mtoto analijua kwa uhakika haulizi.

Babu, mzaa baba, alikuwa mtu wa ng'ombe hasa. Baba alishageukia kahawa na migomba, lakini Babu alikitazama kibanja, shamba letu lote, kama mahali pa kupitisha mifugo. Na kila kitu duniani alikisoma machoni. Asubuhi alinivuta kope kwa kidole gumba chenye harufu ya samli, akachungulia, akasema, "Huyu mzima, nenda kateke maji." Ng'ombe akiinamisha kichwa na jicho lake likawa la njano, kwa Babu hapakuwa na mjadala: ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Alitafuna majani machungu ya mubirizi, akamtemea maji yake jichoni, kisha akamfunga kichwa juu kwenye nguzo ili asilale akafa. Wengi walipona. Wengine walikufa wamesimama.

Msimu wa kahawa alikuja Anselmi na lori lake. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Muleba, Mkatoliki, mnene, mwenye maneno mengi na koti refu ambalo hakulivua hata juani. Lori alilipenda kuliko watu. Juu ya bampa alifunga taa mbili nyeupe, akizifuta kwa pindo la shati kila aliposimama, na sisi watoto tulipanga foleni kujitazama ndani yake, nyuso zetu zimevimba kama maboga. Lakini chini ya bampa, karibu kabisa na ardhi, palikuwa na taa moja peke yake, kioo chake cha njano, imeinama kama mkwe mbele ya mama mkwe. Hiyo tuliionea huruma. Hakuna aliyejitazama ndani yake.

Jioni moja Anselmi alifika kupakia magunia yetu, na siku hiyo hiyo Mama alishikwa na uchungu. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyewazalisha wanawake wa upande wetu. Alimpapasa Mama tumbo, akapapasa tena, akatoka nje na uso ambao sikuwa nimeuona kwake.

"Mtoto amelala mkingamo," alimwambia Baba. "Amejinyoosha kama mlevi kwenye benchi. Mimi huyu simwezi. Anatakiwa hospitali."

Hospitali ilikuwa ya misheni, mbali, ng'ambo ya bonde na vilima vyake. Kabla yangu Mama alishazika mmoja aliyekuja vibaya hivyo hivyo, na yeye mwenyewe alinusurika kwa kitu kidogo sana. Hilo nililijua, kwa sababu watu wazima husahau kwamba mtoto anayechambua maharage ana masikio.

Baba akamwendea Anselmi. Anselmi akasikiliza, akavuta koti lake, akasema, "Baba Koku, hilo si la kuombwa. Lakini ule mteremko umelowa, na giza hili simteremshi mwanamke mwenye tumbo. Uchungu umekaza?"

"Bado," Shangazi akajibu. "Unakuja na kuondoka."

"Basi kukianza kupambazuka. Nileteeni tu kitu cha kunifanya nilale mapema." Akaletewa rubisi, kibuyu kikatolewa nyuma ya mlango wa chumbani, akaangua kicheko. "Ninyi Walutheri! Sisi pombe tunaiweka mezani, ninyi mnaifungia chumbani kama bibi harusi."

"Kunywa, ulale," Baba akamwambia. Baba hakuwa na kicheko jioni ile.

Babu naye hakunywa. Alilizunguka lori polepole, mikono nyuma, mimi nyuma yake na kandili. Akachuchumaa mbele ya ile taa ya chini. Akaitazama muda mrefu. Akaweka kidole gumba kwenye kioo, kama anavyovuta kope.

"Koku, unaona?"

"Naona, Babu."

"Jicho la njano. Na kichwa kimeinama." Akatikisa kichwa. "Mtu anakuja kumbeba mkwe wangu kwa mnyama mgonjwa, halafu anakaa anacheka."

Ndugu zangu, msicheke bado. Mzee yule alikuwa anatafuta kitu cha kumfanyia mke wa mwanawe. Shangazi alikuwa ndani anakanda mgongo, Baba anafunga magunia, bibi zangu wanachemsha maji, naye, bingwa wa kutibu bonde zima, hakuwa na kazi. Basi akaipata. Akatafuna mubirizi mpaka povu likawa la kijani, akaitemea taa ile kwa heshima zote, akaisugua. Kisha akaikamata kwa mikono miwili iliyozoea pembe za fahali, akaipinda, chuma kikalia, mpaka ikatazama juu sawa na wenzake. Akaifunga kwa kamba za mgomba, mafundo manne ya zizini.

"Sasa itatazama inakokwenda," alisema.

Nilimwamini mzima mzima. Niliingia kulala nikiwa na furaha kwamba lori limetibiwa.

Kulipopambazuka uchungu ulikuwa umekaza kweli. Mama aliingizwa mbele, pembeni ya dereva, ameegemezwa kifuani kwa Shangazi. Mimi sikuwa mtu wa safari. Lakini Mama alikuwa amenishika mkono, na walipojaribu kunitoa hakuachia. "Mpandisheni naye," Shangazi akasema, "tusipoteze muda kwa vidole." Nikakunjwa chini, magoti ya Mama begani kwangu. Baba akapanda juu ya magunia na koti lake la kanisani.

Kileleni tulikuwa na anga safi. Tukashuka, na kona ya pili ukungu ukatumeza.

"Haya," Anselmi akasema, bado ana raha zake, "huku tunamwamsha bibi wa chini." Akazima taa kubwa, akabonyeza swichi nyingine.

Weupe mtupu. Akabonyeza tena. Akawasha zile kubwa, weupe ukazidi. Akawasha na za juu ya bampa, na sasa ilikuwa kama tumefunikwa shuka usoni. Akakanyaga breki, magunia yakasukumana nyuma, Mama akapiga ukelele.

"Mbona umesimama?" Shangazi akauliza.

"Sioni."

"Huoni nini, na taa zote zinawaka?"

"Ndiyo maana sioni, mama!"

Akateremka. Tukamsikia mbele anasema peke yake, kisha sauti ikapanda: "Nani kaifunga taa yangu kama mbuzi wa mahari? Na hii kijani ni nini? Baba Koku! Njoo utazame!"

Baba akaruka chini. Nikamsikia anajibu, "Ni mzee. Alidhani inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Ndigana."

Hapo Mama akacheka. Wallahi, katikati ya uchungu ule, kichwa kwenye kifua cha wifi yake, alicheka mpaka machozi, akasema, "Mwambieni Anselmi ainyweshe na samli," kisha kicheko kikakatika katikati na kugeuka mlio ambao sijausahau, na mkono wake ukaminya vidole vyangu mpaka nikadhani havitanirudia. Kando ya barabara ile kulikuwa na korongo. Sikuliona, hakuna aliyeliona, lakini tulisikia maji yake chini kabisa.

Shangazi akatoa kichwa nje. "Ninyi wanaume, jadilini tu. Huyu akifia hapa mtajua wa kumwambia ni nani."

Anselmi akakata kamba. Lakini chuma kilichopindwa na Babu kilishachoka. Kamba zilipotoka, kikakatika, taa ikabaki inaning'inia kwenye waya, inamulika huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo. Wakaifunga tena, ikapanda juu kwa mtikisiko wa kwanza. Wakaifunga vingine, ikapinduka.

"Hii inataka mkono," Anselmi akasema.

Baba alivua lile koti la kanisani, akalikunja, akanipitishia dirishani. Kisha akakaa juu ya bampa, miguu imekunjwa, mkono mmoja umeng'ang'ania vyuma vya mbele ya lori, wa pili umeshika taa chini kati ya magoti yake. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kukimbia mbele ya watu.

"Ishushe," Anselmi alimpigia kelele. "Zaidi. Kushoto kidogo, kwenye nyasi za ukingo. Usinionyeshe mbali, mbali sipataki! Nionyeshe hapa, mbele ya gurudumu."

Akazima nyingine zote. Nikainuka mpaka kwenye kioo cha mbele, mkono ungali kwa Mama, na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo naona kama nilionyeshwa mimi peke yangu. Chini kabisa, kwenye kimo cha mbwa, kulikuwa na mwanya. Ukungu ulikuwa juu yake kama dari, na chini yake mwanga wa njano ulikwenda umelala, mpana, ukaokota jiwe, ukaokota unyasi wenye umande, ukaokota alama ya tairi la juzi. Barabara ilikuwepo. Ilikuwepo muda wote. Nikaelewa kwamba taa ile haikuinama kwa ugonjwa. Ilitazama chini kwa sababu chini ndiko kuna barabara.

"Mbona kwa zile kubwa hukuona kitu, na kwa hii moja ndogo unaona?" Shangazi aliuliza. Hakuwa mtu wa kukubali kitu bila kukigeuza.

"Ukungu ni maji, mama. Ukiumulika usoni, unakurudishia mwanga wako mwenyewe machoni. Huyu wa chini anapita miguuni mwa ukungu."

"Na zile za juu kazi yake nini?"

"Usiku mkavu, barabara tupu, mbele hakuna mtu. Ukimwona mtu, unazima." Akafikiri kidogo. "Na kupendeza."

Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Nilimwona Baba mgongo wake, shati limelowa, nikamwona anabadilisha mikono, wa kulia kwenye taa, halafu wa kushoto, halafu wa kulia, kila mara upesi zaidi. Sikujua kwa nini. Nilidhani anachoka.

Kisha akapiga kelele, "Simama!" Mbele yetu, kwenye ule mwanga wa chini, kulikuwa na miguu. Miguu mingi ya ng'ombe, kwato na magoti, bila ng'ombe juu yake. Inavuka barabara taratibu. Juu ya magoti ni weupe tu, na ndani ya weupe sauti ya mchungaji: "Nani huyo na mapema hii?"

"Hospitali!" Baba akajibu. "Mke wangu!"

Mchungaji akapiga mluzi, miguu ikajitenga upande mmoja, na tulipopita sauti ikatufuata: "Mungu awatangulie, waitu!" Sikumwona uso. Lakini tungekuwa tumewasha zile nyeupe, tungewaona ng'ombe wale wakiwa chini ya magurudumu, na sisi korongoni.

Sasa niseme langu, maana sikuanza kuandika ili kupiga hadithi tu. Ninyi mnaoendesha magari barabara hii, na ninyi wenzangu ambao waume zenu na kaka zenu wanaendesha, waambieni. Taa kali ukungu ukiwa umeshuka haikuonyeshi kitu, inamficha yule unayemwendea. Washa ya chini, au kama huna, punguza zile za mbele zitazame ardhini, na uende polepole, maana unaona hatua chache tu, na anayeona hatua chache hana haki ya kukimbia. Zile za mbio ngojea usiku mkavu. Na ukungu ukiisha, izime hata hiyo ya chini, usitembee nayo mchana kweupe kama mwanamume aliyevaa tai bafuni. Anselmi hakusubiri. Tulipopanda kilima cha pili na jua likatupiga usoni, kabla hata Baba hajainua kichwa, alishabonyeza swichi. "Ukungu umekwisha, na taa yake imekwisha," alisema. "Wa mbele naye ana macho." Hakuwa mtakatifu, mtu yule; alipenda sifa, na nadhani mizani yake ya kahawa ilikuwa na mambo yake. Lakini hilo alilijua, na yule kijana wa kofia upande halijui, na mimi nina mtoto mgongoni kila ninapotoka nyumbani kwangu.

Baba akapanda nyuma, na Anselmi sasa akalikimbiza lori. Hospitalini Mama akaingizwa ndani juu ya machela. Alipofika mlangoni ndipo akaniachia mkono. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, nikavipuliza.

Tukangojea barazani. Anselmi alikataa kuondoka. Alisema kahawa haiozi kwa nusu siku, akakaa ngazini na koti lake. Baba alikaa ukutani, mikono ameiweka kwapani kama mtu wa baridi, na jua lilikuwa kali. Shangazi alitoka mara moja akasema wanajaribu kumgeuza, akarudi ndani. Baba alifumba macho. Sikuwahi kumwona anasali bila kukunja mikono.

Halafu kilio. Si cha Mama. Kidogo, kikavu, cha mtu aliyeamshwa vibaya. Anselmi akasimama ngazini akavua kofia, sijui kwa nini alifanya vile. Nesi akatoka na kifurushi, amechoka, anatabasamu.

"Baba wa mtoto ni nani?"

"Mimi," Baba akasema, na hakutazama kifurushi. "Mama yake?"

"Mama yake anauliza kama humu ndani kuna chai. Amechoka sana, lakini anauliza chai." Akanyoosha mikono. "Mpokee mwanao."

Baba akanyoosha yake, na hapo sote tukaiona. Viganja vyote viwili vilikuwa vimevimba malengelenge, mengine yamepasuka, ngozi imekunjamana kama ya maziwa yaliyochemka. Bati la taa ile lilikuwa la moto njia nzima. Alikuwa anabadilisha mkono ulioungua kwa mkono ulioungua.

Nesi akashtuka. "Umefanya nini, baba?"

"Nilikuwa nimeshika taa," akajibu, kana kwamba kila mtu hushika taa. Akairudisha mikono taratibu, akanigeukia. "Mpe Koku."

"Huyu mdogo?"

"Atamweza. Mpe."

Nikakaa chini barazani, miguu nimeinyoosha, wakaniwekea ndugu yangu mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na wa moto, na alinikunjia uso. Baba akapiga magoti mbele yangu, mikono ameitanua mbali pembeni asiguse kitu.

"Mwinue kidogo," alinong'ona, "nimwone."

Nikamwinua.